Kranki ya Jirani

Mimi hakuna cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia sokoni Sumbawanga, na biashara ilipoachwa huru nikanunua mashine ya kusaga kwa jasho langu mwenyewe. Kwa hiyo jirani alipofungua ya kwake ng'ambo ya barabara, sikushangaa. Niliumia tu.

Niliumia kwa sababu akina mama walikuwa wanacheka kwake. Kwangu walipanga foleni kimya kama wako msibani. Tena walikuwa na mtindo wao: debe la mahindi wanaligawa, nusu kwake, nusu kwangu, jioni wanalinganisha ugali kwa ugali. Asubuhi naletewa hukumu: "Wa mwenzako mlaini, baba. Wako unakwaruza koo." Basi nabadili chekeche. Yeye anabadili nyundo za mashine. Naezeka kibaraza, yeye anaweka mabenchi. Nilimchukia mpaka mlio wa injini yake nikawa nausikia kwenye meno.

Halafu kranki, chuma kinachozungusha injini yake, ikakatika, akafunga. Nilichinja jogoo, sisemi uongo.

Foleni yote ikawa yangu. Nyundo zangu zikalika, nikasema zitafika mavuno. Hakuna aliyelalamika. Kumbe walikuwa wanaondoka mmoja mmoja; maduka yalishaanza kuuza unga wa mifuko kutoka Mbeya. Siku moja nikaukuta mfuko huo jikoni kwangu.

"Hata wewe?" nikamuuliza mke wangu.

"Unga wako siku hizi wa kuku, mume wangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeulinganisha na wa nani?"

Hapo ndipo iliponichoma hasa: unga wangu mzuri, niliojisifia mji mzima, alikuwa anaunoa yule jirani.

Nikadandia lori hadi mpakani Kasesya, nikavuka, nikarudi na kranki ndani ya gunia. Nikaitua mlangoni kwa jirani. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Umeitilia dawa?"

"Ipachike kwenye injini, bwana, usage. Ila usisage vizuri sana."

"Hilo," akasema, "hukulinunua."

Injini yake ikanguruma, na akina mama wakacheka, kule kule kwake. Mimi nikafungua mashine yangu, nikang'oa nyundo zote kuukuu, meno yakiniuma. Kranki, ushuru na nauli: shilingi laki moja, elfu themanini na saba, na mia tano.