Kopo la Saba

Kinyozi hajinyoi, na mimi fundi bomba niliogea ndoo nyumbani kwangu miaka ishirini na mbili. Mke wangu, mkunga, alipojitolea kwenda kambi ya wakimbizi nchi ya mbali, nikaona haya. Miezi minane aliyokuwa huko nikafunga bomba la mvua, hita, vigae vyeupe, na kioo cha dirisha kinachopoza mwanga hadi bafu zima linakuwa rangi ya maziwa. Kazi safi. Hata mimi nilijisifu.

Akarudi. Akagusa ukuta, akasema, "Fundi, umefanya kazi." Kisha akachota maji kwenye beseni, akajifungia, akaoga kwa kopo.

Wiki ya kwanza nikasema ni uchovu. Ya pili nikanuna. Alikuwa kama anaelea ndani ya nyumba. Anafungua friji, anaitazama taa yake, anaifunga bila kutoa kitu. Anakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni anayetaka kuaga. Ukimsemesha anajibu baada ya muda, kwa upole, utadhani yuko chumba cha pili. Binti yetu akaniambia kwenye simu, "Baba, mpe muda. Huyo si sinki limeziba." Sawa, lakini niliogopa. Nasema wazi, umri wa kuficha umenipita: niliogopa kwamba lililorudi ni sanduku lake tu, mwenyewe kabaki huko.

Jumapili asubuhi nikasikia kopo linagonga beseni. Uvumilivu ukaniishia, nikabisha mlango.

"Mama, hivi hilo bomba lina kosa gani? Presha ndogo?"

"Halina kosa."

"Basi mwenye kosa ni mimi."

Akafungua, kajifunga taulo, akarudi kukaa kwenye stuli. Mvuke ulikuwa umetanda, sura yake siioni vizuri.

"Kule tulikuwa tunaogeshana," akasema. "Maji machache, kwa hiyo mmoja anakaa, mwenzake anamwagia. Makopo sita kila mtu. Hata jina lake hulijui, lakini anakumwagia mgongoni na kukuuliza umelalaje. Hapa nageuza koki, maji yanakuja tu. Mengi, ya moto, na hakuna mtu. Nina upweke, Fundi, nyumbani kwangu mwenyewe. Halafu naona aibu, maana umejenga yote haya kwa ajili yangu."

Maneno niliyoyaweka moyoni wiki mbili yote yakayeyuka. Nikachukua kopo.

La kwanza nikamwagia begani, akafumba macho. La pili, la tatu, polepole, maji yakifuata uti wa mgongo. Karibu na bega palikuwa na kovu dogo nisilolijua. Sikuuliza, nikapapitishia kiganja. Sikutaka asubuhi ile iishe.

Baada ya la sita nikachota tena. Akanishika mkono.

"Hilo si langu. Ni la anayefuata."

"Nani anayefuata?"

Akanyanyuka, akaniachia stuli. Nikakaa vilevile, suruali ya Jumapili, soksi na yote. Akaniinamisha kichwa, akamwaga.

"Umelalaje, Fundi?"

Miezi minane nililala vibaya, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza, makopo sita mazima, na hakunikatiza.