Yule Mzee Aliyeshusha Mkono

Jana mpwa wangu alifungua filamu ya karate kwenye simu, na kabla bwana mmoja hajamaliza kumsalimu mwenzake, kidole cha mpwa kilikuwa kimeisukuma mbele mpaka kwenye ngumi. Nikamwambia arudishe. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, "Mjomba, si wanaongea tu?"

Wanaongea tu. Ndugu yangu, kama ulikulia Kaloleni miaka ya themanini, unajua maneno hayo yalitukosesha mangapi.

Ukumbi wetu wa video ulikuwa wa mabati, joto kama tanuri, unanuka jasho na omena, samaki wadogo ambao nyanya yangu aliwakaanga mlangoni. Mwenye video alikuwa na kanuni moja: mazungumzo yote yanarushwa mbele. Watu kwenye kioo walikimbia huku na huku, midomo ikichezacheza, kisha ghafla mtu anapigwa teke. Nani alimkosea nani, hukujua.

Siku moja nyanya aliingia kunitafuta niende kuchota maji. Kwenye televisheni, mwanafunzi alimpiga kofi mwalimu wake mzee. Nyanya akasimama palepale. Aliona ambacho sisi hatukuwahi kukiona: miguu ya mzee ilijipanga, mkono ukapanda nusu, kisha ukashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Mzee akafungua mdomo aeleze. Mwenye video akarusha mbele.

"Kijana, rudisha. Amesema nini?"

"Mama, hizo ni porojo. Watu wanataka ngumi."

"Ngumi bila sababu ni ya walevi. Hao tunao huko nje, bure."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakurudisha. Teke lililofuata ndilo alilorudisha, tena na tena. Tangu hapo, kila nikitoka ukumbini nyanya aliniuliza kama tumejua kwa nini yule mzee hakupiga. Alizikwa hajajibiwa.

Miaka mingi baadaye, kwenye lundo la vitu kuukuu sokoni Kibuye, nikaiona kanda ya filamu ile, ina alama ya kalamu ya mwenye video. Nikaazima mashine ya kuichezea. Ngumi zote zilikuwa chenga tupu kwenye kioo, zimelika kwa kurudishwa. Mazungumzo yalikuwa safi kabisa, na chini yake maneno ya mzee yameandikwa kwa Kiingereza: mkono ulionipiga niliufundisha mimi, nikiuvunja, nitaacha nini duniani?

Ukumbi ulishabomolewa. Aliyestahili jibu hayupo. Kwa hiyo jana nikaamua kumsimulia mpwa wangu, polepole, bila kuruka kitu. Nilipofika kwenye kofi, akainua macho.

"Halafu wakapigana?"