Baiskeli ya Kupandia Kianjokoma

Nilimwahidi dada yangu kwamba kila Ijumaa, kabla giza halijaingia, nitakuwa nyumbani Kianjokoma kumfundisha hisabati. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu, alipopata mtoto, na sasa alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Hakuniomba chochote. Alikuwa akichambua maharagwe, akaniuliza tu kama mtu aliyesahau aljebra anaweza kuikumbuka tena. Nikamjibu kwa ahadi, tena mbele ya mama, na kwetu neno lililosemwa mbele ya mama halirudi nyuma.

Tatizo lilikuwa barabara. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha na bodi ya shule moja kule Siakago, chini kwenye joto na vumbi, na nyumbani ni juu, kwenye majani chai na ukungu. Nauli ya kila wiki ingekula mshahara wangu nikabaki bila chakula. Nilijaribu safari hiyo mara moja kwa baiskeli nyeusi ya kubebea maziwa niliyoazima kwa jirani. Nilipofika, dada yangu alikuwa amelala, mtoto kifuani, na kitabu kimeachwa wazi mezani. Kitabu kile kiliniuma kuliko miguu.

Kwa hiyo likizo ya Aprili ilipoanza niliazimia kwamba shule hazitafunguliwa kabla sijapata baiskeli ya mbio: nyepesi, yenye gia, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Mpya sikuweza kuifikiria. Ningenunua iliyotumika.

"Mwalimu mzima juu ya baiskeli," mama alisema. "Watu watasema tulikusomesha bure."

"Watasema nimefika, mama."

"Watasema umefika ukiwa umelowa jasho."

Chuoni nilisomea fizikia, na kabla ya kutoka nyumbani nilijiwekea kanuni moja. Thamani ya baiskeli iliyotumika haipimwi kwa kinachong'aa, bali kwa kile kisichobadilishika. Tairi, cheni na nyaya za breki zinapatikana katika kila soko. Fremu ikivunjika, ulichonunua ni vyuma chakavu vyenye magurudumu.

Muuzaji wa kwanza alikuwa mjini Embu, kijana wa rika langu aliyepanga baiskeli zake kando ya barabara, mteremko mbele yake na mlima nyuma yake. Alinionyesha moja ya buluu iliyong'aa, akanitajia bei. Iliniita, sitakataa. Niliinyanyua kwa mkono mmoja bila shida.

"Hiyo imetoka ng'ambo, mwalimu. Mzungu aliipanda Jumapili tu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Viatu. Jaribu mpaka pale chini. Niachie kitambulisho."

Mteja aliyenitangulia alikuwa amerudi kutoka huko chini akiisukuma nyingine, huku akitabasamu. Nikamtazama, nikautazama mteremko, nikatambua kosa ambalo sisi watu wa milimani hulifanya siku zote. Nchi yetu yote imeinama, na kila muuzaji husimama juu. Mnunuzi huteremka, upepo humpiga usoni, huona amepata farasi. Kisha huisukuma kurudi, kwa maana nani ajichoshe kupanda na baiskeli isiyo yake? Hulipa kwa furaha ya kuteremka. Lakini mimi ahadi yangu ilikuwa kupanda.

Nikampa kitambulisho, nikaigeuza baiskeli, nikashika njia ya kwenda juu.

"Mwalimu, chini ni huko!" aliniita.

Nilisimama juu ya pedali na kukanyaga kwa uzito wangu wote. Kila nilipokanyaga kwa mguu wa kulia nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachokatika. Nilishuka, nikaipindua baiskeli kando ya barabara na kupapasa mahali mabomba ya fremu yanapokutana, karibu na pedali. Rangi mpya ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama uzi. Nilipouchokonoa kwa ukucha, kutu ilitoka.

"Fremu ina ufa," nilimwambia niliporudi.

"Huo ni mkwaruzo wa rangi."

"Mkwaruzo haulii. Ukimuuzia mtu, akashuka nayo kasi kuelekea Siakago, anaweza kufa."

Alinirudishia kitambulisho changu. "Nunua au uache, bwana. Mahubiri ni Jumapili."

Niliiacha, ingawa nakiri nilitembea polepole. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sikuwa na nyingine machoni. Ukishika njia ya nyumbani bila ulichokifuata, hata begi tupu huwa zito. Nilijiambia kwamba dada yangu hahitaji kaka aliyelala hospitalini akiwa na sababu nzuri.

Siku iliyofuata, rafiki niliyesoma naye Meru alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa Kaaga, kando ya mji huo wa Meru, anauza baiskeli ya mumewe. Nikaenda. Mama yule alinikaribisha kwa chai na viazi vitamu, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza alianza kuisema baiskeli kama anayemweleza daktari habari za mgonjwa.

"Tairi la nyuma limekwisha. Gia ndogo ya mbele haiingii. Breki zinalia. Na mzee alianguka nayo pale kona ya kanisa, usukani ukapinda, tukaunyoosha."

"Sikuanguka," mumewe alisema kutoka kwenye kiti chake, magoti yamefunikwa blanketi. "Nilishuka kwa haraka."

"Ulishuka kwa pua."

Ilikuwa nyekundu iliyofifia, ya chuma, na ukiitazama huwezi kuitamani. Niliomba kuipandisha mlima. Mzee alicheka. "Huyu ana akili. Mpe." Nilipanda njia ya kwenda shule za pale hadi kifua kikawaka moto. Breki zililia, gia ilikataa, sawasawa na nilivyoambiwa, lakini fremu ilinyamaza kimya. Niliichunguza viungo vyote, pamoja na uma wa mbele unaoshika gurudumu, ambao mtu akianguka ndio huumia kwanza. Ulikuwa umenyooka. Na rangi ile kuukuu ilikuwa ushahidi wa upande wangu: hakuna aliyejaribu kuficha kitu chini yake.

Bei aliyotaja haikuwa ndogo kuliko ya ile ya buluu. Mtu mwingine angesema anaringa. Nami nilipiga hesabu ya tairi na gia mbele yao, nikaiondoa katika bei, nikasema ninachoweza kutoa bila kumpunja. Mama akamtazama mumewe, mzee akaitazama baiskeli kwa muda.

"Ipande," alisema. "Usiifanye ya kukaushia nguo."

Ijumaa ya kwanza ya muhula nilitoka Siakago kengele ilipolia. Baada ya Embu mjini mlima ulianza kudai haki yake, hewa ikapoa, mashamba ya kahawa yakayapisha majani chai. Nilishuka mara moja tu, kunywa maji. Nilipoingia uani jua lilikuwa bado juu ya miti, na dada yangu alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mgongoni, kalamu mkononi.

"Mwalimu anatoa moshi kama jungu," alisema. "Kaa chini. Hii *x* imenishinda tangu mchana."

Nilikaa, jasho likinidondoka kwenye ukurasa, na tukaitafuta *x* mpaka tukaipata.

Nawe unayesoma haya, ukiwa na baiskeli ya kuuza, nakuomba jambo moja: taja ubovu wake kabla hujaulizwa. Hujui anayeinunua amemwahidi nani.