Mwiba wa Fundi wa Mikoba

Fundi wa mikoba pale sokoni Garissa alichomeka mwiba wa mgunga kwenye kofia yake, na hakukata kitambaa chochote kabla ya kukichoma nao. Kisha alikilaza kiganjani, akafumba macho na kupima uzito wake kama mtu anayesikiliza. Mwaka ule wa vita, mama mmoja, Shamso, alikuja kushonewa mkoba wa safari, akasimama mbele ya cherehani, mtoto mgongoni, akimtazama fundi akichoma turubai. Mwiba ukagoma. Akachoma marekani, kitambaa chembamba cha pamba, ukapenya bila sauti.

"Turubai hii itadumu hadi ituzike sote, abaayo," fundi alisema kwa sauti yake ya chini, akimwita dada.

"Mimi nataka nyepesi, adeer," Shamso alisema, akimwita ami. " Kila uzito wa kitambaa ni maji ya mwanangu ninayoyaacha nyuma."

"Unakwenda wapi kwa mguu?"

"Mpakani, Liboi. Siku sita."

"Na kurudi?"

Shamso aliangalia vidole vya fundi vilivyojaa makovu ya sindano. "Ngamia wetu wote wamepigwa risasi. Nirudie nini?"

Fundi aliikunja turubai polepole, akaivuta ile marekani na kushika mkasi.

"Kwa safari ya kwenda tu," alisema, "hii inatosha."