Klipu ya Maman Matela

Kama ulikuwa Bukavu na ulikuwa na simu, basi Philémon aliwahi kukuchekesha, hata kama humjui. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Ibanda, mtu wa shati lililopigwa pasi na sala kabla ya kula, ila ugonjwa wake ulikuwa klipu. Mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa sadaka, bwana harusi aliyepasukiwa na suruali: kila kituko cha mtandaoni alikinasa, akakikata, akatia muziki na maneno yake, kisha akakirusha kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Wenzake walisema bila yeye siku haijaanza. Naye aliziamini sifa hizo, maskini.

Februari ile ya 2025, vita viliposhuka kutoka kaskazini kupitia Kalehe, barabara ilijaa watu wanaokimbia, na watu hao wakaingia kwenye simu. Ndipo akaipata ile klipu. Mama mzee ana godoro kichwani, anavutana na mbuzi. Mbuzi anamzungusha, mama anaanguka, godoro linamfunika, mbuzi anapanda juu. Mama anainuka, anaacha vyote, na badala ya kukimbia na wenzake anageuka mbio kule kule risasi zinakolia. Philémon alicheka hadi machozi. Akaondoa kelele za barabarani, akaweka rumba, akaongeza sauti yake, akimbandika jina la godoro kwa Kifaransa: "Maman Matela, umesahau chumvi?" Ile ya kwanza, yenye kelele zake, akaifuta, maana simu ilikuwa imejaa. Kufikia jioni klipu ilikuwa imefika Nyangezi, nje ya mji.

Kesho yake mkewe Emérence, ambaye siku tatu alikuwa akimpigia mama yake simu bila kumpata, alirudi kutoka kanisani ameshika simu ya jirani.

"Philémon. Uyu ni maman yangu."

Usimcheke upesi. Kwao, mwanaume aliyelelewa vizuri hamkodolei mama mkwe macho. Miaka tisa Philémon alimsalimu Maman Adolphine akitazama chini, akimpisha njia. Angeweza kukueleza kandambili zake zilivyo, lakini sura yake hakuijua. Heshima yote ile, na ndiye aliyemwanika mbele ya mji mzima! Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Aliifuta klipu kwenye kundi, lakini ilikuwa imeshasambaa kwa watu asiowajua.

Jumatatu Maman Adolphine alifika kwa miguu, peke yake, kitenge kimemfunika uso. Kwenye kizuizi cha barabarani vijana walikuwa wamemwita Maman Matela na kuangua kicheko, naye hakujua jina hilo limetoka wapi. Mumewe, mzee Aloys, hakuwa naye, na hakuna aliyejua aliko.

"Utamuambia weye mwenyewe," Emérence alimwambia mumewe, na chakula chake hakukipakua.

Philémon alipiga magoti kwenye mlango wa sebule, macho kwenye sementi. "Maman, ile video ni mie niliitengeneza. Sikujua ni weye. Na hata ingekuwa mutu mwingine, nilifanya mubaya."

Alingoja laana. Kusema kweli aliitaka, maana ingempunguzia mzigo.

"Leta nione," alisema Maman Adolphine.

Emérence akampelekea simu. Rumba ikalia, kicheko cha Philémon kikajaa chumbani, naye akatamani sakafu immeze. Mama akaiangalia mara ya pili. Mara ya tatu.

"Simamisha hapo. Ule wa nyuma, mwenye kofia, mukono juu, ni Papa yenu. Alikuwa ananiita. Njo sababu nilirudia, lakini nilimukosa mu watu." Kisha akamgeukia. "Mukwe wangu, toa ile muziki. Siku ile sikusikia muzuri. Nataka nijue alisema nini."

Philémon alikosa pa kujificha. Aliwaandikia wote waliomtumia klipu, akiomba ile yenye sauti. Nao walikuwa wametumiwa na wengine na walishaifuta, wakabaki na ile ya rumba, na aliyeipiga hakujulikana. Ikabidi aseme.

"Maman, sauti yake nilifuta."

Hakumtukana. Akamrudishia simu kupitia kwa Emérence.

"Basi funga sauti yako. Nitaangalia mudomo yake tu."

Philémon akazima sauti, simu ikarudi, na mama akaketi akiiangalia mpaka ikazimika, midomo yake ikijaribu neno hili na lile, na Philémon akabaki pale pale magotini, hakuthubutu kuinuka.