Historia ya Ndege za Nyama

Historia ya shirika moja dogo la ndege la Bolivia niliiandika mimi, mwanamke wa Burundi ambaye sijawahi kufika Amerika ya Kusini, tena kwa Kiswahili, hapa Auburn, Sydney. Ukicheka sikulaumu. Hata mimi nilicheka siku mzee mmoja aliponiomba.

Alikaa chumba cha tisa katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Asubuhi nilimwogesha, nikamvalisha, nikamlisha uji ambao yeye aliuita gundi. Ujana wake wote alikuwa fundi wa injini katika shirika hilo, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba kumbukumbu zake zinaondoka. Vidole vilikuwa vimekataa kushika kalamu. Binti yake alikuja kila Jumapili, akakaa saa nzima anaangalia simu. Mzee alitaka jambo moja tu: binti yule aje kusoma historia ile, ajue baba yake alikuwa nani kabla ya kuwa mtu wa kuvalishwa soksi.

"Andika," aliniambia kwa Kiingereza chake. "Ukishaandika wewe, mimi naweza kuacha."

Kuandika Kiingereza kwangu ni kwa kusuasua, naye alisema haraka. Nikaandika kwa Kiswahili nilichojifunza katika kambi ya wakimbizi Kigoma, nikijiambia kutafsiri ni kazi ya baadaye. Kila siku nilimpa dakika kumi za chai yangu.

Shirika lilianza na ndege moja kuukuu ya jeshi, haina viti, inabeba nyama ya ng'ombe kutoka nyanda za chini hadi mji wa milimani, ambako hewa ni nyepesi na injini zinakohoa. Abiria walikaa juu ya magunia, wakashuka wananuka damu. Baadaye zikaongezwa ndege, vikafungwa viti, mikia ikapakwa rangi nyekundu, wahudumu wakashonewa sare. Kisha vipuri vikaadimika. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba yeye mwenyewe aling'oa injini ya ndege moja ili kuiponya nyingine, halafu ya hiyo ili kuiponya ya tatu, mpaka ikabaki moja inayoruka na uwanja umejaa mizoga. Asubuhi moja wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Spana zake zilibaki ndani.

Alivyosimulia ndivyo alivyosahau. Nilipomuuliza tena habari za nyama, wiki chache baadaye, alinitazama kama nimemzulia.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Karatasi ziko wapi?"

"Ofisini, kwenye faili lako. Ziko salama."

Basi akatulia. Swali hilo aliniuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nilimjibu vilevile kwa kujiamini.

Ujinga wangu ndio huo. Kambini nyumba yetu iliungua, na karatasi zote za baba, alizozifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzilalia, zikaungua nazo. Kilichotuleta Australia ni nakala iliyokuwa kwenye faili la ofisi ya kambi. Tangu siku hiyo naamini karatasi ya mfukoni hufa, ya ofisini haifi. Kwa hiyo kila mwisho wa zamu nilichomeka kurasa zangu kwenye faili la mzee, nyuma ya karatasi za dawa.

Mwenzangu wa zamu, mama wa Kikongo, aliniona. "Mama, hii makaratasi unaweka huku, manager anajua?"

"Faili ni la mzee, si la manager."

"Piga hata photo na simu yako, dada. Just in case."

Nilimwona ana wasiwasi wa bure.

Mzee alikufa siku zangu za mapumziko. Niliporudi kazini wiki iliyofuata, chumba cha tisa kilikuwa na bibi mwingine. Nikaenda ofisini. Meneja alinieleza kwa upole kwamba faili husafishwa kabla ya kufungwa. Kurasa zisizo za matibabu, zilizoandikwa kwa lugha asiyoijua mtu pale ofisini, ziliingia kwenye pipa lenye kufuli, na lori la kusaga karatasi lilikuwa limeshapita.

"Sorry, love," akasema. "We didn't know what they were."

Hakuvunja sheria hata moja. Nilimchukia hivyohivyo, kisha nikajichukia mwenyewe, na huko ndiko nilikobaki.

Binti alikuja kuchukua nguo. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Baba alisema historia yake unayo wewe."

Nikamweleza yaliyotokea. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Nikampa nilichokumbuka: nyama, mikia myekundu, injini, mnyororo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mama yangu? Walikutana huko. Alikuwa mhudumu. Hakuna aliyewahi kuniambia ilikuwaje."

Ukurasa wenyewe naukumbuka. Kulikuwa na mhudumu, na machungwa, na mvua iliyozuia ndege siku mbili. Kengele ya chumba cha kumi na mbili ilikuwa inalia, nami nakimbiza kalamu nimalize. Nani alimpa nani machungwa, na walisema nini siku zile mbili, sijui. Nilikuwa naandika, sikuwa nasikiliza.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Akanishukuru, akabeba mfuko wa soksi za baba yake, akaondoka.