Nadhiri ya Msusi

Siku tatu kabla ya Krismasi, siku ambazo wasusi wengine hawana hata nafasi ya kujikuna, Chapuchapu alifunga chumba chake cha kusukia na kubandika karatasi mlangoni: "Hakuna kusuka mpaka sikukuu ipite. Msinibembeleze." Hilo jina la Chapuchapu alipewa na wateja kwa ajili ya vidole vyake, na limemganda kuliko lile la ubatizo. Basi mwenye vidole hivyo akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, akasema sasa nasali. Wapi! Alihesabu mbao za dari, akainuka, akanywa maji, akakaa tena.

Msimcheke kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa amesuka siku tatu mfululizo, kichwa baada ya kichwa, na asubuhi ya Krismasi akaenda moja kwa moja kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama alimshika mkono. "Mwanangu, mwaka huu kanisani sifiki. Tusali wote hapa hapa." Mama akaanza. Kabla hajafika kwenye amina, binti yake alikuwa anakoroma, kichwa kimelala ukingoni mwa godoro. Alipozinduka, mama alimwambia tu, "Ulichoka, mwanangu." Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipomchoma.

Mwezi wa pili wakamzika. Tangu hapo, kila Chapuchapu akifumba macho asali, anasikia ule mkoromo wake mwenyewe na maneno yanamkauka mdomoni. Ndiyo maana akaweka nadhiri: Krismasi hii hakuna kusuka, hakuna mapazia mapya wala mapambo, hakuna kuzunguka madukani mpaka miguu ivimbe. Yeye na Mungu wake basi, mpaka sala irudi. Kilichomtia hofu, ambacho hata mumewe hakumwambia, ni kwamba huenda isirudi.

Mumewe, fundi redio, mwanzoni alifurahi kuona nyumba imetulia. Siku ya pili uvumilivu ukamwishia.

"Mama watoto, hebu tazama mikono yako."

Akatazama. Alikuwa amesuka nyuzi zote zinazoning'inia kwenye kitambaa cha kochi, mistari imenyooka kama ya bibi harusi. Akaanza kuzifumua kwa hasira.

"Nasali, bwana!"

"Unasali au unatafuta kichwa?"

"Niache! Mwanamume mzima, kazi kunichunguza."

Akatoka nje, akafagia ua uliokwisha kufagiliwa, akarudi ndani. Alikuwa hana raha hata chembe, hatulii kama kuku anayetaka kutaga. Wifi yake akapita kuja kumkorofisha zaidi. "Kwa hiyo wifi, wewe utakatifu, sisi twende kanisani na vichwa kama mafagio?"

"Nenda kwa yule msusi wa sokoni."

"Yule anavyovuta? Mtu unalala macho wazi wiki nzima!"

Chapuchapu alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

Mkesha wa sikukuu, mchana, hodi ikapigwa. Alikuwa bibi muuza mkaa na mjukuu wake wa kike, kichwa cha mtoto kimefumuliwa chote. "Mwanangu," bibi alisema dirishani, "vidole vyangu havishiki tena. Mmoja tu huyu."

"Bibi, nimeweka nadhiri."

"Haya, mwanangu. Utakuwa umechoka." Naye hakusema kwa ubaya. Wakaondoka taratibu. Chapuchapu alishika komeo, akaliachia, akalishika tena, mpaka wakapotea kwenye kona.

Asubuhi akaingia kanisani mapema, macho makavu, hana hata chembe ya usingizi. Akapiga magoti. Kimya. Akajaribu tena, kimya kile kile, na ule mkoromo ndani yake. Hasira zikampanda. Bwana, nimeacha kila kitu, nyumba yangu tupu kama ghala, na bado hunipi hata neno moja? Nini tena unataka?

Alipofumbua macho, mbele yake palikuwa na kichwa. Ni yule mjukuu wa bibi. Upande mmoja una mistari iliyopinda kila mahali, bibi wa watu amejitahidi, na upande wa pili umefunikwa kitambaa. Mchungaji akasema tusali kimya kimya, kila mtu na lake. Mtoto akajikuna, kitambaa kikaanguka, nywele zikatimka. Wasichana wawili nyuma wakacheka. Mtoto akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Chapuchapu akatia mkono mkobani. Kitana alichoapa kukiacha nyumbani kilikuwemo, usiniulize kilifikaje. Akamgusa bibi begani. "Bibi, nisamehe ya jana. Niruhusu."

Chapuchapu akainuka akakaa kwenye benchi, mtoto akalizunguka, akakaa sakafuni katikati ya magoti yake. Vidole vikashika njia ya kwanza, na safari hii havikukimbia. Polepole akasikia midomo yake inasema, "Bwana, mlinde huyu mtoto, kichwa chake, mikono yake, miguu yake." Ni maneno ya mama yake, aliyokuwa akiyasema kila akimsuka yeye alipokuwa mdogo. Na ndiyo hayo hayo mama alianza nayo mwaka jana pale kitandani, mkono wake ndani ya mkono wa mwanawe.

Mzee wa kanisa akamwinamia kwa ukali. "Mama, hapa si saluni!"

"Najua, baba. Nasali."

Aliendelea, hata sala ya kimya ilipokwisha na nyimbo zikaanza. Aliomba msamaha kwa Mungu, akaomba kwa mama, akamwambia anamkumbuka mno, akamwambia yote. Mtoto akapapasa utosini.

"Mama, mbona mafuta yako ya moto?"

"Si mafuta, mwanangu. Tulia, tunamaliza."

Akafunga mstari wa mwisho. Mchungaji akasema amina ya mwisho wa ibada, na mwaka huu Chapuchapu alikuwa macho kuiitikia.